Mpira Mmoja, Runinga Nne



Kila tushukapo Mombasa, ndugu zetu hutuuliza tunaishije huko bara, tena katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na kama watoto wetu bado wanakijua Kiswahili cha nyumbani. Juma hili tutawajibu kwa kuzungukia mbali kidogo. Tutazungumzia Kombe la Dunia la mwaka 2022, lililochezwa Qatar kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 18 Desemba, na jinsi lilivyoingia nyumbani mwetu kwa sauti mbalimbali. Tunajua kuwa kabumbu si ada ya ukurasa huu, na huenda baadhi ya akina mama wakaupita. Tunawaomba wasiupite, maana aliyetufunza jambo katika kisa hiki ni mama, na mpira wenyewe haujui.

Sisi twakaa Shauri Moyo, si mbali na soko la Burma, katika zile nyumba za kale za baraza la jiji ambazo kuta zake zinapitisha kila neno. Ni mtaa wa watu waliohamishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja kijiji cha Pangani, kilichokuwa na Waislamu wengi, na watu wake wakaletwa huku. Wazee hutuhadithia kuwa jina la mtaa lilitokana na shauri hilo la kuhama au kutohama: kila mtu aulize moyo wake. Sisi tulikuja kufundisha madrasa tukiwa na nia ya kukaa miaka miwili. Miaka miwili hiyo sasa ina wajukuu.

Runinga tuliipinga kwa muda mrefu. Aliyetushinda ni ahli yetu, kwa hoja fupi: "Watoto wanaitazama kwa jirani. Heri waitazame mbele yako." Hatukupata jawabu katika kitabu chochote tulichosomeshwa, basi tukanunua runinga na king'amuzi, tukaviweka juu ya kabati la vyombo, na kwa miezi ya mwanzo tukawa tunakaa tukiipa mgongo, kama mtu aliyealikwa asikotaka kwenda.

Lakini tusijifanye watawa. Utotoni mwetu tulikuwa na redio. Enzi za Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, tulimsikiliza Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, akitangaza mpira kwa Kiswahili kilichonyooka. Mwaka 1987, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, Kenya ilipofungwa na Misri bao 1-0 katika fainali pale Kasarani, tulikuwa vijana wa madrasa, na redio ndogo tulikuwa tumeificha chini ya mkeka. Mtangazaji wa redio ana amana nzito, kwani msikilizaji haoni kitu. Akisema mpira uko kushoto, uko kushoto. Mzee Mbotela alikuwa pia na kile kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Ungwana?, kilichodumu kwa zaidi ya miaka 50. Amefariki tarehe 7 Februari 2025. Swali la kipindi chake lilitujia mara nyingi katika siku zile za Qatar, kama mtakavyoona.

Ukoo wetu umetawanyika. Ndugu yetu mdogo yuko Maskati, binti wa dada yetu yuko London, binamu yetu ameolewa Ujerumani. Wote tumo katika kundi moja la WhatsApp, ambalo kwa kawaida hubeba habari za mazishi, posa na picha za sahani za biriani. Kombe lilipoanza, kundi lile likawa na runinga nne ndani yake, na sisi tukagundua jambo ambalo labda wenzetu mlilijua zamani: kwamba mpira ni mmoja, lakini kila nyumba ilikuwa inatazama Kombe lake.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumapili. Saa za Doha na saa za Nairobi ni moja, kwa hivyo sherehe ilianza baada ya Alasiri, katika uwanja wa Al Bayt uliojengwa kwa sura ya hema la mabedui. Mtakumbuka alitokea kijana wa Qatar, Ghanim Al Muftah, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mwili wake. Mwigizaji wa Marekani, Morgan Freeman, akateremka kukaa naye chini na kumwuliza, na kijana akamjibu kwa aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ile inayohusu mataifa na makabila. Sisi tulikuwa tumesimama, kikombe cha chai mkononi. Ndugu yetu wa Maskati alituma ujumbe wa sauti ambao hauna maneno, kilio tu. Kisha ukaingia ujumbe wa London: "Mjomba, mnaona nini huko? Hapa hatuoni sherehe. Twaona wanaume wanaongea."

Na ilikuwa kweli. BBC haikuionyesha sherehe ile katika chaneli yake kuu. Aliyeitaka ilibidi aifuate kwa kitufe au katika mtandao. Katika chaneli kuu, mtangazaji wao Gary Lineker, aliyekuwa mshambuliaji wa Uingereza miaka ya 1980, alifungua kipindi kwa kueleza kuwa hili ni Kombe lenye utata kuliko yote, akataja tuhuma za rushwa katika kutolewa kwa uenyeji, hali ya wahamiaji waliojenga viwanja, na sheria za nchi ile. Huku Maskati, kwa beIN, ambayo ni mali ya Qatar yenyewe, wachambuzi walikuwa wakieleza usanifu wa hema, historia ya kahawa, na maana ya ukarimu kwa Waarabu.

Tuwape beIN haki yao. Kwa ufasaha hawana mfano. Tuliwasikiliza katika mkahawa mmoja Eastleigh, ambako mwenyewe hufungua chaneli za Kiarabu mchana kutwa, na mtu aliyesoma nahau na sarufi hawezi kukaa bila kutabasamu. Issam Chaouali wa Tunisia huweza kuanza na pasi, akapitia katika historia ya Andalusi, akatumbukiza neno la Kifaransa na la Kihispania, kisha akarudi kabla ya mpira kutoka. Hafid Derradji wa Algeria hutangaza kama anayekanya. Khalil Al Balushi ni Mwomani, na ndugu yetu wa Maskati humsema kama jamaa wa nyumba ya pili. Katika meza ya uchambuzi alikuweko Mohamed Aboutrika wa Misri, mtu ambaye adabu yake hata wapinzani wake huikubali. Tulitoka mkahawani tukijihisi tumetukuzwa. Na hapo ndipo tulipokosea.

Ijumaa ya tarehe 25 Novemba, baada ya Swala, tulikaa kwa darsa kama kawaida. Siku tatu kabla, Saudia ilikuwa imeifunga Argentina 2-1 pale Lusail, na nyuso za watu zilikuwa zinang'aa. Tukaacha mlango wa kitabu tuliokuwa tukiusoma, tukazungumzia runinga. Tulisema kuwa haya yote yanayosemwa Ulaya juu ya wafanyakazi wa Qatar ni hasadi, ni watu waliokereka kuona karamu imepikwa katika nyumba ya Mwislamu. Tukasema ni uongo. Neno hilo tulilitumia, na tulilirudia. Watu wakapiga takbiri.

Tulipotoka, mama mmoja jirani yetu alikuwa amesimama karibu na viatu. Ni mjane, huuza mahamri na viazi vya karai asubuhi, na hakosi darsa. Alitusalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Sheikh, wewe huko Qatar umemwona nani?"

Tukamwambia hatujafika Qatar.

"Mwanangu yuko," akasema, na akatoa simu.

Tulijua kuwa kijana wake, aliyesoma juzuu kumi mbele yetu, alikwenda Ghuba. Hatukujua zaidi. Ujumbe ule wa sauti ulikuwa wa dakika moja na nusu. Kijana alieleza, kwa sauti ya mtu anayezungumza chini ya blanketi, kuwa huu ni mwezi wa tatu kampuni ya ulinzi iliyomwajiri haijamlipa, kuwa pasi yake ya kusafiria ameichukua msimamizi, na kuwa ile kazi aliyoahidiwa na wakala wa Nairobi sio aliyoikuta. Sasa wamepelekwa viwanjani kulinda mashabiki. Mwishoni alimwambia mamake asihuzunike, na kuwa pengine ataonekana kwa runinga. Pesa za wakala zilitokana na cherehani ya mama yule, aliyoiuza.

Tulimwambia tutamwombea dua. Akasema, "Dua nimeomba, Sheikh. Mimi nataka usiseme ni uongo."

Usiku ule hatukulala vyema. Tulimwomba mwanetu mkubwa atutafutie habari, na tukasoma hadi macho yakauma. Tukakuta kisa cha Mkenya mwenzetu, Malcolm Bidali, mlinzi aliyekuwa akiandika mtandaoni juu ya maisha ya wahamiaji, akakamatwa Qatar mwezi Mei 2021 na kuwekwa peke yake kwa takriban mwezi mmoja. Tukakuta vilevile, kwa insafu, kuwa Qatar ilibadilisha sheria mwaka 2020 ili mfanyakazi aweze kuhama kazi bila idhini ya mwajiri, na kuwa tangu Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000 kwa mwezi. Sheria ilikuweko. Kijana wetu alikuwa nje yake.

Na siku chache baadaye likatokea jambo lililotufikirisha. Hassan Al-Thawadi, katibu mkuu wa kamati ya maandalizi ya Qatar, alihojiwa katika runinga ya Uingereza na mtangazaji Piers Morgan, mtu ambaye kwa maneno yake mengi mengine hatungempa hata kiti. Akaulizwa ni wafanyakazi wangapi waliofariki. Akajibu kuwa makadirio ni kati ya 400 na 500. Kamati ikafafanua baadaye kuwa hesabu hiyo ni ya vifo vya kazini vya nchi nzima, tangu 2014 hadi 2020, wala si vya viwanja pekee. Iwe ni hivyo. Lakini jawabu lilitoka kwa sababu mtu aliuliza. Katika saa zote tulizokaa mkahawani Eastleigh, tukiisikiliza ile Kiarabu tamu, hatukusikia mtu akiuliza. Mwenye karamu hakutaja waliopika, na wageni wake walikuwa wanakula.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 2 Desemba, tulirudi mbele ya watu wale wale tukasema kuwa tulikosea. Tuliwakumbusha mafundisho ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, juu ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake, ambayo kila mtoto wa madrasa anayajua na ambayo hayakuweka kando mwajiri Mwislamu. Hatukumtaja mama wala kijana. Wengine walikunja nyuso. Kijana mmoja, nje, alituambia kwa mzaha, "Sheikh, Lineker amekufunga bao." Tulicheka naye, na lilituuma hadi nyumbani.

Msidhani kuwa tulihamia upande wa pili. Tungalikuwa tumeruka kutoka chomboni na kuingia baharini, maana yaliyokuja baadaye yalikuwa mabaya.

Timu ya Morocco ilianza kwa sare na Croatia, ikaifunga Ubelgiji 2-0, ikaifunga Kanada 2-1, na tarehe 6 Desemba ikaitoa Uhispania kwa penalti. Wachezaji walisujudu mbele ya mashabiki wao. Lakini kilichowaleta wanawake wa nyumba yetu mbele ya runinga hakikuwa sijida, bali mama za wachezaji. Familia zilikuwa zimealikwa Doha pamoja na timu, na kila baada ya mchezo kamera ilimfuata mwana akipanda jukwaani kumtafuta mamake. Achraf Hakimi, beki wa kulia, amezaliwa Madrid. Mamake alikuwa akisafisha nyumba za watu na babake akiuza vitu mitaani, na yeye mwenyewe husema hivyo bila haya. Ahli yetu alipoyasikia hayo aliacha kuchambua mchele. "Mama yake ni kama sisi," akasema. Akatoka kwenda kumwita jirani wa mahamri, na tangu siku ile mama yule hakukosa mchezo hata mmoja.

Hakutazama mpira. Kamera ilipokuwa uwanjani yeye alizungumza, akamenya kitunguu, akauliza habari za watu. Kamera ilipogeuka kwa mashabiki alinyamaza, akasogea mbele hadi kivuli chake kikaangukia kioo, akawatazama wale walinzi waliosimama chini ya majukwaa. Watoto wetu walimzoea, wakaanza kumsaidia: "Yule pale, Mama! Wa kulia!" Kwa kipimo chake yeye, kituo bora ni kile kinachochelewa kuwaacha watu. Kuna vituo hupenda marudio ya bao kutoka pembe sita, naye alivilaumu vyote.

Mnamo siku hizo ndipo binamu yetu wa Ujerumani alipotuletea habari ya kituo cha Welt, ambacho kilionyesha picha ya wachezaji wa Morocco wameinua kidole cha shahada, kikaifananisha ishara ile na ya kundi la IS. Kidole! Hicho ambacho mtoto wa miaka mitatu hukiinua katika tahiyatu kwa kumwiga babake. Na Denmark, katika kituo cha TV 2, mtangazaji alipokuwa akizungumzia wachezaji wa Morocco na mama zao, alionyesha picha ya nyani waliokumbatiana. Aliomba radhi baadaye, na radhi ni jambo la kupokelewa. Lakini je, huu ni ungwana? Tulimfikiria Mzee Mbotela, ambaye wakati huo alikuwa hai, tukatamani amwulize mtu yule swali lake.

Basi huyu aliyesema juu ya wafanyakazi na huyu aliyesema juu ya nyani, kwa mbali walionekana kwetu watu wa namna moja, na ndiyo sababu tulimkataa wa kwanza. Hili ndilo tulilojifunza kwa taabu, na hatuoni haya kuliandika: mtu aweza kuwa na kiburi na kisa chake kikawa kweli, na mtu aweza kuwa ndugu yako katika dini, akakusomea mashairi, na akakunyamazia dhulma. Kila mmoja hupimwa kwa neno lake, moja moja, kama tunavyowapima wapokezi wa hadithi. Elimu hiyo tulikuwa nayo. Hatukujua kuwa inatumika kwa runinga.

Tarehe 10 Desemba Morocco ilicheza na Ureno katika uwanja wa Al Thumama, ule uliojengwa kwa umbo la gahfiya, kofia ambayo watu wa kule huivaa chini ya kilemba, na ambayo mzee yeyote wa Lamu angeijadili mshono wake. Mchezo ulianza saa kumi na mbili jioni. Adhana ya Maghrib kwetu huingia mchezo ukiwa umefika nusu ya kipindi cha kwanza, na tuseme kweli, safu za nyuma zilikuwa chache jioni ile. Tuliswalisha kwa sura fupi, wala hatukuzichagua kwa ajili ya mpira, ingawa ahli yetu hakubali. Tulikuwa katika sunna ya baada ya faradhi mtaa mzima ulipolipuka. Kelele zilitoka Burma, zikatoka Kamukunji, mabati ya vibanda yakapigwa. Youssef En-Nesyri alikuwa ameruka juu ya kipa na beki akafunga kwa kichwa. Bao lile, lililoifanya Morocco kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, sisi tuliliona kwa marudio tu. Baada ya kipenga cha mwisho Sofiane Boufal alicheza na mamake uwanjani, naye amejifunika mtandio wake na kucheka kama yuko sebuleni. Jirani yetu alikuwa akilia. Hatukumwuliza ni kwa furaha au kwa kutomwona wake.

Mmeona kuwa hadi sasa hatujasema lolote juu ya runinga ya nne, yetu wenyewe. Tunaona aibu kidogo. Kituo tulichokitazama hapa hakikuwatukana Waislamu wala hakikuwasifu. Kilikuwa na kazi nyingine. Kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko na baada ya mchezo kilituuzia kamari. Mtangazaji, kijana mtanashati, aliuliza wachambuzi nani atashinda, na kabla hawajajibu akasoma ni shilingi ngapi mtu atapata akiweka mia. Hasadi ya Ulaya ilihitaji kusafiri hadi kutufikia. Hii ilikuwa juu ya kabati letu la vyombo, ikizungumza na watoto wetu kwa lahaja yao. Mwanafunzi mmoja wa madrasa alitushangaza kwa kuijua hesabu ya uwiano ambayo mwalimu wake wa shule alikuwa hajamfunza.

Dawa ilitoka kwa binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Usiku wa nusu fainali na Ufaransa, tarehe 14 Desemba, alichukua rimoti akazima sauti, akasimama kando ya kabati na kutangaza mwenyewe, kwa Kiswahili. Alianza kwa mzaha, kisha akanogewa. Hakimi akawa "kijana wa mama msafishaji", Mbappé akawa "mwana wa jirani", maana wawili hao ni marafiki na walikuwa klabu moja Paris. Alijua krosi na chenga na mtungi wa kumwaga maji, na pasipo neno akalitengeneza. Mpira ulipotoka alitangaza habari za nyumba: chai iko tayari, nani hajavua viatu. Na kamera ilipogeuka kwa majukwaa, alinyamaza kabisa, akampisha jirani yetu atazame. Hakuna kituo chochote kati ya vile vinne kilichokuwa na adabu hiyo. Morocco ilifungwa 2-0, na hata katika kufungwa tulikuwa tumetangaziwa vizuri.

Siku ya fainali, Amiri wa Qatar alipomvisha Lionel Messi bushuti jeusi kabla ya kuinua kombe, Shauri Moyo ilishangilia, kwani kila mtu hapa amemwona bwana harusi. London, binti wa dada yetu akaandika kuwa katika BBC wanasikitika jezi imefunikwa. Mama mmoja wa kundi, kutoka Malindi, akajibu kuwa wao wangesikitika zaidi kama wangejua bei ya bushuti zuri. Hilo tulilipita kwa kucheka.

Kijana alirudi mwaka 2023. Pasi yake aliipata na mshahara wa miezi miwili hakuupata. Tulikwenda kumpa pole na hongera kwa pamoja, kama inavyotubidi siku hizi kwa wengi wanaorudi. Tukamwuliza kama aliwahi kuwa katika mchezo wowote ambao sisi tuliutazama. Akasema alikuwa Al Thumama siku ya Ureno. Mamake akashika kichwa. Tukamwuliza juu ya lile bao, alilionaje kutoka karibu vile. Akasema hakuliona. Mlinzi wa uwanja husimama kwa kuwatazama mashabiki, mgongo kwa mpira, na akigeuka anaandikwa. Aliliona katika nyuso za watu.

Mwaka 2025 mpira ulikuja kwetu. Mwezi wa Agosti, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa michuano ya CHAN, na Jumapili ya tarehe 10 Kenya iliifunga Morocco hiyo hiyo, ingawa si kikosi kile, bao 1-0 pale Kasarani, bao la Ryan Ogam, tena tukiwa watu 10 kipindi chote cha pili. Kisha CAF ikalitoza shirikisho letu faini kwa ajili ya fujo za malangoni, na wageni wakaanza kutusema. Ndugu yetu wa Maskati alituma habari hizo katika kundi bila ya neno lolote lake. Nyumbani kwetu watu walikasirika sana. Walisema ni hasadi.

Sisi tulinyamaza, tukamtazama kijana. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mamake, na runinga ikirudia picha za Kasarani, umati ukisukuma lango na walinzi waliovaa jaketi za rangi wakisukuma upande wa pili. Binti yetu alikuwa amezima sauti. Mama akasogea mbele, kama alivyozoea, akawaangalia wale walinzi mmoja mmoja hadi picha ikaondoka.

"Na hawa," akauliza, "washalipwa?"

Hapakuwa na mtu chumbani aliyejua.